Mkono wa Chuma Kutoka Banda la Kuku

Pikapu ya Halima ilipopiga magoti katikati ya mto mkavu, kilomita tisa kutoka Mutomo, wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani waliacha mitungi yao wakakimbilia huko. Walikuta gurudumu la mbele la kushoto limelala ubavu chini ya gari, pua imezama mchangani, na mbuzi kumi na mmoja wakiruka kutoka nyuma mmoja baada ya mwingine na kutokomea vichakani. Halima mwenyewe alitokea mlango wa pili. Paji la uso lilikuwa likivuja damu na kifundo cha mkono wa kulia kimeanza kuvimba, lakini kabla hajakubali kuketi aliwatuma vijana wawili wawafuate mbuzi, akawaeleza rangi ya kila mmoja.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, Mwislamu wa ukoo uliokaa Mutomo tangu enzi za babu yake, na mji mzima ulimwita Mama Safa kwa jina la binti yake. Kila wiki alinunua mbuzi upande wa Kitui, akavuka mto Athi na kuwauza katika soko la Kathonzweni, kule Makueni. Pikapu ilikuwa kuukuu, ya mwaka wa themanini na moja, rangi yake ya buluu imebaki milangoni tu. Hata hivyo aliiendesha mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kupewa usukani wake.

Fundi Mulei alipata habari akiwa katika gereji yake. Aliitupa spana chini, akapanda pikipiki na fundi mwenzake, Jonah. Majuma matatu kabla ya siku hiyo, yeye ndiye aliyebadilisha boljointi ya gurudumu lile lile, yaani kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini wa gari na kuliacha likate kona.

Walipofika, Halima alikuwa ameshapelekwa hospitalini. Jonah alizunguka gari mara moja, akaona jiwe kubwa limejificha mchangani nyuma ya gurudumu, akalipiga teke. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Wanawake wa visimani nao walikubaliana naye. Jiwe lile lililetwa na mafuriko, na hili halikuwa gari la kwanza kuteswa nalo.

Mulei alilala kifudifudi akatazama. Boljointi ilikuwa nzima. Meno ya bolti lake, mahali nati inapokaa, yalikuwa matupu na safi kama siku alipoitoa kwenye karatasi. Katikati ya bolti hilo kuna tundu dogo la pini, ambayo hupenyezwa na kukunjwa ili nati isijifungue yenyewe barabarani. Pini ikivunjika huacha kipande chake ndani ya tundu. Mulei aliweka jicho hapo akaona mwanga wa jua upande wa pili.

Ndipo akakumbuka. Siku ile alikuwa chini ya pikapu, nati ameshaikaza, pini ameibana kwa meno, wakati wazee wa kanisa walipoingia kumwomba akae kwenye kamati ya ujenzi. Alitoka kuwasalimu, na mtu hasalimu wazee wa kanisa akiwa na pini mdomoni. Akaitoa. Walipoondoka alirudi, akashusha jeki, akasugua mikono kwa mchanga na kwenda kula.

Jioni hiyo alimweleza mkewe, Mwongeli, aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Moyoni alitumaini kidogo kwamba mkewe angemwambia anyamaze, maana watu wote walikuwa wameshalilaumu jiwe na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwongeli alimuuliza swali moja tu: kama gurudumu lingetoka juu ya daraja la Athi, Mama Safa angekuwa wapi sasa hivi.

"Basi kesho asubuhi utaenda kwake," Mwongeli akasema. "Na usiende na maneno mengi."

Halima alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, mkono umening'inizwa kwa leso shingoni. Mulei alikataa kiti. Alisimulia yote tangu mwanzo mpaka mwisho, hata habari ya wazee wa kanisa, na hakulitaja jiwe. Alipomaliza, Safa alichungulia kutoka jikoni.

"Jonah alinipitia jana," Halima akasema. "Aliniambia ni jiwe. Mimi nilikuwa nimeshalisamehe hilo jiwe."

"Si jiwe, Mama Safa. Ni mimi."

Halima aliutazama mkono wake uliovimba. "Miaka ishirini na sita nanunua mbuzi. Nimeuziwa mbuzi mgonjwa nikaambiwa amechoka na safari. Nimeuziwa ajuza nikaambiwa ni mtamba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja hapa asubuhi kuniambia kosa ambalo mimi sijaliona. Nimekasirika, Mulei. Usifikirie sijakasirika. Lakini hiyo gari utaitengeneza wewe. Na siku itarudi pale mtoni, mimi nitakuwa kwa usukani, na wewe utakuwa umekaa kando yangu."

Mulei alitoka pale na kifua chepesi, na alipofika gereji alijikuta anapiga mluzi.

Trekta iliivuta pikapu hadi mjini. Madhara yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana mchangani. Mkono wa chini, kile chuma kinene kinachobeba springi na uzito wote wa upande ule, ulikuwa umelima ardhi na kupinda kama mundu. Fimbo ya usukani ilikuwa imekunjika, mpira wa breki umekatika. Jonah alishauri wauwashie moto mkono ule na kuunyoosha kwa nyundo, kama walivyofanya mafundi wengi, nao ungekuwa tayari kabla ya jua kutua. Mulei alikataa. Chuma kilichopinda hivyo, ukikichoma na kukinyoosha, kwa macho kitaonekana kizima, lakini nguvu zake zimeshatoka, na hakuna ajuaye siku kitakapokatika. Hakuwa tayari kumkalisha Mama Safa juu ya chuma cha namna hiyo.

Wakati huo habari ilikuwa imeenea, kwa kuwa Mulei mwenyewe hakumficha mtu aliyemuuliza. Magari mawili yaliyokuwa yakisubiri gerejini yalichukuliwa na wenyewe. Watu walimsalimu kwa sauti ya chini kama wamsalimuvyo mfiwa. Aliwaitikia vizuri, akafunga gereji, akaanza kuutafuta mkono.

Maduka ya vipuri ya Mutomo hayakuwa nao. Kitui mjini muuzaji mmoja alimuuliza kama hiyo gari bado inatembea au iko makumbusho. Siku ya nne, dereva wa lori la machungwa alimwambia kwamba kule Mbumbuni, kwa mzee mmoja aitwaye Munyao, kuna pikapu ndugu ya ile, haijasogea miaka thelathini, na kuku wanalala ndani yake.

Mulei alitia spana, jeki, mnyororo na chupa ya dizeli ndani ya gunia akavuka kwenda Makueni.

Mbumbuni kulikuwa na ubaridi wa vilima na mashamba ya matuta. Mzee Munyao, aliyekaribia miaka themanini, alikuwa dereva ujanani mwake. Injini ya pikapu yake iliharibika, hakupata nyingine, akaiegesha nyuma ya ghala, na kuku wakaihamia. Mulei alipoinama dirishani alimkuta jogoo amesimama juu ya usukani, na kwenye kiti cha dereva tetea wa rangi ya kahawia ameatamia mayai. Kisha akalala chini akaangalia upande wa kushoto. Chini ya kutu na kinyesi cha kuku, mkono ulikuwa pale, umenyooka.

Mzee hakuwa na haraka ya kukubali. Mafundi walikuwa wamekuja kabla yake, alisema, wakang'oa hiki na kile, na kila mmoja aliliacha banda limeinama upande zaidi. Akataka kujua chuma kile kinaenda kufanya kazi gani. Mulei angeweza kusema gari la mteja limevunjika, na isingekuwa uongo. Badala yake alimwambia habari nzima. Akagundua kwamba kuisema mara ya pili ni rahisi kuliko mara ya kwanza.

Munyao alimsikiliza hadi mwisho, halafu akacheka mpaka akakohoa. Alisema ameendesha magari ya watu miaka ishirini na nane, na hajawahi kukutana na fundi mwenye kosa. Siku zote kosa ni la barabara. Angempa mkono bila kudai chochote, ila kwa masharti matatu. Banda lisimame sawa kama lilivyokuwa. Mlango wa dereva, ambao bawaba yake ilikuwa imelegea na kumpa nguchiro njia ya kuingia kula vifaranga, ufungwe vizuri. Na yule tetea aliyeatamia asisumbuliwe hata kidogo, maana zimebaki siku nane aangue.

"Hayo mawili ya kwanza nitaweza, nau," Mulei akasema, akimwita baba kwa Kikamba. "Hilo la tatu, wewe mwombee."

Kazi ile ilimchukua siku mbili. Kwanza aliipandisha pikapu kwa jeki, unywele kwa unywele, na kuikalisha juu ya magogo ya mti wa mukau yaliyopangwa kwa kupishana. Tetea alinyanyua shingo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatulia. Mulei akaifunga springi kwa mnyororo, kwa kuwa springi iliyobanwa ikichomoka ghafla huua mtu, akaishusha polepole juu ya jeki. Ilitoa pumzi ndefu ya kukwaruza na kulegea salama.

Yakabaki mabolti mawili marefu yaliyoushika mkono kwenye chesesi, yaani fremu ya gari. Kutu ilikuwa imeyafanya kitu kimoja na chuma kilichoyazunguka. Aliyanywesha dizeli, akasubiri, akayagonga taratibu, akayanywesha tena. La kwanza lilikubali saa saba mchana. La pili lilikataa siku hiyo nzima. Mzee alimpa kitanda, na asubuhi Mulei akamkuta ameshaketi kwenye kigoda karibu na pikapu kama mtu aliyewahi kiti cha mbele.

Mulei alivisha bomba la maji kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi. Akaegemea kwa mikono, halafu kwa kifua, halafu akaweka mguu. Hakuna kitu. Akanywesha dizeli, akahesabu hadi mia tatu, akaegemea tena, na mara hii akasikia mlio mwembamba, kama wa mlango unaofunguliwa katika nyumba iliyohamwa. Akadhani ni bomba linapinda.

"Imelia," Mzee Munyao akasema, akasimama. "Usiache. Imelia."

Robo duara. Nusu duara. Kisha bolti likaanza kutoka, likimwaga vumbi jekundu, na kabla ya saa nne mkono wa chuma ulikuwa mapajani mwa Mulei. Aliukumbatia bila kujali kinyesi. Mzee aliinama akaupapasa kwa kidole, akasoma namba za kiwandani zilizojitokeza, na mwisho akampa Mulei mkono wa pongezi kama watu waliomaliza kuchimba kisima.

Kabla ya kuondoka, Mulei alipanga mawe na magogo chini ya banda mpaka maji kwenye sufuria iliyowekwa juu ya boneti yakatulia katikati. Alibadilisha bawaba ya mlango, akautia komeo. Tetea hakuwa amenyanyuka hata mara moja.

Aliporudi Mutomo, aliusugua mkono kwa msasa mpaka ukang'aa. Kisha akaupaka mafuta ya taa, akaupangusa, akausiriba unga wa chaki aliyopewa na Mwongeli, kwa sababu penye ufa mafuta hujificha, na baadaye hujitokeza kwenye chaki kama mstari mweusi. Alikaa na kusubiri nusu saa. Chaki ilibaki nyeupe tupu. Alimwita mkewe aje aone weupe ule, na Mwongeli, ambaye hakujua lolote kuhusu magari, alielewa.

Zikaja siku za kufunga. Alitia bushi mpya za mpira, boljointi mpya, fimbo ya usukani, mpira wa breki. Mwongeli alikaa kwenye kiti cha dereva akikanyaga breki na kushikilia kila alipoambiwa, hadi hewa yote ikatoka kwenye mafuta. Kwa kuwa hakuna mashine ya kunyoosha magurudumu mjini, alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, akapima kwa futi, akageuza fimbo, akapima tena, kutwa nzima, mpaka uzi ukagusa matairi kwa namna moja kushoto na kulia. Pini aliipenyeza mwishoni, akaikunja ncha zake mbili. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wa pale hawakuwahi kulifanya: alimwita Jonah aikague kazi yake.

Jonah alicheka kwanza. Halafu akaona Mulei hachezi. Akaingia chini na tochi, akagusa nati moja baada ya nyingine, kushoto na kulia, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyefikiria mambo yake mwenyewe.

"Iko sawa," akasema. "Kesho uje uangalie ile lori yangu. Kwanza kabla sijaishusha."

Siku ya soko mkono wa Halima ulikuwa umepona. Alipakia mbuzi kumi na wanne, akaingia kwenye usukani, na Mulei akapanda kando yake. Wakashika njia ya mtoni. Wanawake wa visimani walikuwa wamesikia habari. Walisimama ukingoni na mitungi yao, na wengine wasiokuwa na mtungi wowote wa kuchota walikuwapo pia. Njia ya kuvukia ilikuwa nyembamba, katikati ya kuta mbili za mchanga laini, na jiwe lilikuwa bado palepale, kwa sababu kila mtu alingoja mwenzake aliondoe.

Halima alisimamisha gari kwenye ukingo. Akalitazama jiwe, akamtazama Mulei.

"Nilikwepe, niingie mchangani nikwame?" akauliza. "Ama nilipande?"

Mulei alitoa kichwa dirishani akalipima jiwe kwa macho. "Lipande, Mama Safa."

Halima akasema bismillahi, akatia gia ya kwanza, akateremka. Gurudumu la kushoto lilifika kwenye jiwe, likalipanda. Pikapu iliinua bega moja juu, mbuzi wakalia nyuma, Mulei akashika dashibodi kwa mikono yote miwili na kusikia kila kilo ya gari ile ikikaa juu ya chuma alichokitoa kwa kuku. Kisha gurudumu likashuka upande wa pili. Kishindo kimoja, kizito, kizima. Hakikufuatwa na mgongano wala mlio. Pikapu ikajitikisa na kuendelea, ikapanda ukingo wa ng'ambo kwa mngurumo, na vigelegele vya wanawake vikaisindikiza hadi kwenye barabara.

Mbele ya Athi kuna mahali barabara inanyooka kama iliyokatwa kwa kisu. Halima alipofika hapo alishika mwendo, halafu polepole akaondoa mikono yote miwili kwenye usukani na kuiinua juu, kama mtu anayeomba dua. Pikapu ilienda. Haikuvuta kushoto, haikuvuta kulia. Ilienda na kwenda, vumbi limesimama nyuma yake, mpaka kona ikakaribia na Halima akaushika usukani tena kwa vidole viwili.

"Tangu niinunue inavuta kushoto," akasema. "Miaka tisa naikokota kama mbuzi hataki soko. Nilifikiria ndivyo iliumbwa." Akaanza kucheka, na Mulei naye akacheka, na machozi yakamtoka, akayaacha yakauke kwa upepo wa dirishani.

Kathonzweni, wafanyabiashara wenzake Halima walimzunguka. Walikuwa wamesikia gari lake limekufa. Wakainama kuangalia chini, wakatikisa gurudumu kwa mikono, wakauliza kazi hiyo imefanywa na fundi gani wa Nairobi.

"Ni huyu," Halima akasema, akimwonyesha Mulei kwa kidevu. "Ndiye aliyeiangusha, na ndiye aliyeiinua. Akikuambia gari yako ni nzima, panda. Akikuambia ni mbovu, shuka."

Watu wakageuka kumtazama. Mulei alitaka kujificha nyuma ya mbuzi. Lakini mtu mmoja, mnunuzi wa ng'ombe aitwaye Musyimi, alikuja akamshika kiwiko na kumvuta kando. Lori lake lilikuwa likigonga mbele mwaka mzima, alisema, na kila fundi aliyempelekea alimwambia ni barabara za siku hizi. Angeomba atazamiwe, kama fundi ana nafasi.

Mulei alikuwa amevaa shati jeupe, lile la kanisani, alilopigiwa pasi na Mwongeli asubuhi hiyo. Alilitazama, akalitazama lori. Akalivua, akalikunja vizuri, akamkabidhi Mama Safa amshikie. Kisha akalala chali katikati ya soko, juu ya vumbi na kinyesi cha mbuzi, akajisukuma kwa visigino hadi chini ya lori, na kutoka huko watu wakamsikia akiomba spana ya kumi na tisa.